Anaita Gitare, Gitare Haiji

Duka langu liko Buleusa, upande wa Walikale, na kuliita duka ni kujipendelea. Lina mlango mmoja, chumvi, sabuni, betri, na paneli moja ya sola juu ya bati ambayo ndiyo hasa inayonilisha. Watu huniletea simu niwachajie. Simu haijai kwa dakika mbili, kwa hiyo hukaa, na wakikaa husema. Nimekulia Butembo, kwenye kelele za magari na wachuuzi, lakini sijawahi kusikia kelele kama zile za wiki ambayo album mpya ya Ras Mulima ilitufikia.

Ilikuwa mwaka wa 2014. Ililetwa na Théogène, kijana mwenye pikipiki ya kubeba watu, ambaye alitoka Goma na kadi ya simu yenye nyimbo zote ameificha ndani ya soksi, kwa sababu kwenye vizuizi vya njiani wenye bunduki walikuwa wanapenda sana simu za wenzao. Kadi ilinuka mguu. Nikaipangusa kwa sketi yangu, nikaitia kwenye simu kubwa ya dukani, nikaendelea na kazi yangu.

Niseme ukweli: reggae sikuwa naipenda. Nilikuwa nasema ni muziki wa watu waliochoka kabla ya kufanya kazi. Wimbo wa kwanza ulipoanza nilikuwa napima chumvi, na nikaacha kupima. Sauti ya yule mtu ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, nayo ilisema Kiswahili chetu sisi, cha 'njo' badala ya 'ndiyo' na 'ao' badala ya 'au', wala si kile cha habari za redioni. Alikuwa anaimba godoro kichwani, matope hadi magotini, sufuria iliyoachwa jikoni na maharage ndani yake yangali yanachemka. Mambo hayo tunayajua wote, ila sikujua kwamba yanaweza kuimbwa. Nilidhani ni ya kuvumilia tu. Nilisimama na kikombe cha chumvi mkononi hadi wimbo ukaisha, na mteja wangu naye hakukumbuka kuniuliza chumvi yake.

Album iliitwa *Miguu Yetu*. Mwenyewe hakuna aliyejua ametokea kijiji gani. Kwenye picha tuliyoiona, nywele zilikuwa zimemfunika uso mpaka kidevuni.

Théogène alituambia kwamba Jumamosi saa nne asubuhi Ras Mulima mwenyewe angekuwa kwenye redio moja ya Goma, na wapenzi wake wangepiga simu kutoa maoni na kumpa alama juu ya kumi. Basi kuanzia Jumatano duka langu likageuka bunge. Théogène alinunua daftari ili aandike maoni ya Buleusa. Augustine, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja na kalamu nyekundu, maana mwalimu hata kwenye starehe lazima asahihishe.

Wimbo wa kwanza hadi wa nne tulipatana. Augustine alilia kwenye wa tatu, akasingizia moshi wa jirani. Wa tano ndio uliotugombanisha. Ulikuwa na ngoma na besi tu, bila gitaa, na yule mtu akiita neno moja moja, polepole, kama mtu anayeita kwenye ukungu na kusubiri aitikiwe.

"Sikia!" Théogène akapandisha sauti. "Anaita gitare. Gitare! Gitare! Na gitare haikuyi. Njo ile minasemaka, ile studio haiko sérieux."

"Ao mupiga gitare alikuwa amelala," Augustine akasema.

"Mutu anaita mara ine, gitare haikuyi! Miye ningerudisha feza ya batu."

"Na Bihogo? Anasema Bihogo. Njo nani?"

"Bihogo ni nabii ya Ethiopia," Théogène akajibu bila haya.

"Na Gaju?"

"Gaju ni mudogo yake."

Nilicheka hadi nikaegemea mlango. Théogène hakucheka. Aliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: WIMBO WA TANO, ANAITA GITARE, GITARE HAIJI. Augustine akamwekea alama nne juu ya kumi kwa kalamu nyekundu. Kwa alama nne, pale shuleni kwake, unarudia darasa.

Ijumaa, wakati wanaupiga tena ule wimbo ili wamalize ugomvi wao, Mukandori alikuja kununua chumvi. Alikuwa mama aliyekimbia vita kutoka Nyamitaba, kule Masisi, na kwetu alikuwa analimia watu mashamba yao. Miaka mitatu alikuwa mteja wangu, na sidhani kama nilikuwa nimesikia kutoka kwake maneno zaidi ya ishirini. Hakuwa na kiburi. Alikuwa mtu aliyefunga mlango wa ndani. Nilikuwa nimemzoea hivyo.

Alisimama mlangoni na jembe begani. Kisha jembe likashuka.

"Rudisha," akasema. "Rudisha kule inaanzia."

Théogène akanitazama, nikamkonyeza arudishe. Ngoma ikaingia, besi ikaingia.

"Gaju," akasema Mukandori.

"Gaju," ikaimba simu.

"Bihogo."

"Bihogo," ikaimba simu.

Alikuwa anatangulia. Kila jina alilitaja yeye kwanza, kwa sauti ya chini, halafu mwimbaji akamfuata. Mugondo. Gitare. Mukara. Kibamba. Sugira. Hakukosea hata moja. Nywele za mikono zilinisimama, na si mimi tu, kwani Augustine alikuwa amejishika shingo. Nilikuwa nimesikia padri akiongoza sala na watu wakimwitikia, lakini sikuwa nimeona mwanamke wa kulima vibarua akiongoza mwimbaji maarufu aliye kwenye kadi ya simu.

"Mama," Théogène akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema taratibu, "hii album uliisikia wapi?"

"Siyaisikia. Hao ni ngombe."

"Ngombe?"

"Gitare haiko ile ya kupiga. Gitare ni ngombe mweupe. Kwetu njo tunamuita vile." Akaokota jembe lake. "Hivi njo zilikuwa zinatoka kwa kiraro, kwa zizi yao, asubuyi. Gaju mbele. Kila siku Gaju mbele."

"Ngombe za nani?"

Nilimwambia Théogène apandishe muziki. Nilimshika Mukandori mkono nikampeleka nyuma ya pazia, ninapolala, nikamkalisha kitandani. Hapo ndipo aliponiambia. Zilikuwa ng'ombe zake na za marehemu mumewe. Aliyezichunga alikuwa mwanawe Niyonsenga. Mwaka wa 2007, walipokimbia Nyamitaba, kijana alikuwa na miaka kumi na sita. Walipoteana siku ile ile, na toka siku ile hakuna mtu aliyemwona, si kambini, si kwa wamisionari, si kwenye orodha za wanaotafutwa.

Nikaruka. "Basi njo ye! Mama Mukandori, njo mutoto yako!"

"Ao ni mutu alilala naye kwa pori," akasema. "Niyonsenga akipata homa, alikuwa anazitaja zote, moja moja. Mwenye alikuwa pembeni yake angezishika kichwani. Kisha mutoto anakufa, mwenzake anaimba."

"Na sauti?"

"Ile sauti siijue. Ile nilizoea ilikuwa ya mutoto." Alitazama mikono yake, iliyojaa udongo. "Nikimushangilia, kisha haiko ye, nitamuzika mara ya pili. Siwezi, Mama Kahambu. Mara moja ilinitosha."

Nilimletea maji kwenye kopo anawe mikono.

Tulipanga hivi. Jumamosi angepiga simu kama wapenzi wengine, atoe maoni yake. Asitaje jina lake wala Nyamitaba wala jina la kijana, maana redio haichagui anayeisikiliza, na wenye bunduki nao wana masikio. Kuna familia zilizofuatwa hadi kitandani kwa sababu ya jina moja lililosemwa mahali pasipofaa. Wala Théogène na Augustine tusiwaambie chochote. Nilimuuliza atajuaje bila kuuliza. Akasema, "Nitajua."

Buleusa mtandao haufiki. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima cha nyuma ya shule, unasimama karibu na jiwe moja bapa, na pale pale, si hatua mbili kulia, unapata mistari miwili. Jumamosi tulipanda wengi. Kulikuwa na vijana, akina mama wenye watoto migongoni, hadi mzee mmoja aliyesema amekuja kuona ujinga. Mvua ya usiku ilikuwa imesafisha hewa, na milima ya Masisi ilionekana kule mbali, mmoja nyuma ya mwingine, imetulia kabisa, utadhani haijawahi kusikia risasi.

Théogène alipiga mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili wakampokea. Aliweka simu kwenye spika ili tusikie sote, akasoma maoni yetu bila kupumua, akaruka mstari wa gitare aliokuwa ameufuta kwa mate na kidole, akatoa tisa juu ya kumi. Halafu akasema kuna mama mmoja naye anataka kusema kidogo.

Mukandori aliishika simu kwa mikono miwili.

"Karibu Mama!" Mtangazaji alikuwa na furaha ya watu wanaolala kwenye nyumba zao. "Unaitwa nani, na unatupigia toka wapi?"

"Niko mupenzi wa muziki."

"Mupenzi wa wapi, Mama?"

"Wa mbali."

Akacheka. "Basi Mama wa mbali, Ras Mulima njo huyu iko hapa mbele yangu, anakusikia. Album unaionaje?"

"Iko muzuri. Inaniingia mpaka kwa mifupa." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Lakini ile wimbo ya tano haiko kamili. Ameacha moja."

Hilo hakuwa ameniambia. Nilimtazama, yeye akawa anatazama milima.

"Ras, unamujibu nini Mama?"

Ikasikika ile sauti ya mikwaruzo, na kilima kizima kikashtuka, kwa kuwa ni jambo la kutisha kusikia mtu wa kwenye kadi akivuta pumzi. "Asante, Mama. Lakini niliziimba zote. Zilikuwa saba."

"Zilikuwa munane."

Nilidhani mtandao umekatika. Nikaona mistari miwili iko pale pale.

"Ya munane," akasema mwimbaji, na uzito wote ulikuwa umemtoka sautini, "jina yake nani, Mama?"

"Weye njo utaniambia."

Mtangazaji akacheka kidogo, akaacha. Mtoto mmoja akalia mgongoni mwa mama yake, watu wakamgeukia kwa hasira.

"Gahozo," akasema mwimbaji.

Mukandori alikaa chini kwenye majani yenye maji. Nilichutama nikamshikia simu karibu na mdomo.

"Ile sikuiimba, Mama," yule mtu aliendelea, haraka sasa, bila reggae yoyote. "Ile ilikuwa ndama. Nilitumwa nirudi nyuma kuileta. Na niliileta. Nilifika nayo mpaka kwa barabara, nimeibeba kwa shingo. Mulikuwa mumeshakwenda."

Watu wa kilimani hawakuelewa kitu; hata Théogène na Augustine walijua ni habari za ng'ombe tu. Kwetu kila mwanamke mzima ni Mama, na mtangazaji aliona ni adabu tu ya kijana wa Kivu. Mimi peke yangu nilimwona Mukandori akijifunika mdomo, akaniegemea sikioni na kuninong'oneza jambo ambalo miaka saba hakuwahi kumwambia mtu: "Njo miye nilimutuma. Kwa ndama. Nilimurudisha kwa risasi sababu ya ndama."

Nililia, na sina aibu ya kusema. Nililia kwa hasira, kwa sababu ya kila mama aliyefanya hesabu ya aina hiyo barabarani na kubaki nayo.

"Haya Mama, kwa haraka, wengine banangojea," mtangazaji akasema. "Ile album, pointi ngapi juu ya kumi?"

Mukandori alichukua simu kutoka mkononi mwangu.

"Iko muzima," akasema. Kwetu neno hilo husemwa kwa kitu na kwa mtu vilevile. Akalirudia kwa nguvu, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, hadi watu wote wa kilimani wakamgeukia. "Iko muzima! Iko muzima!"

"Mumesikia, wasikilizaji!" mtangazaji akapaza sauti. "Mama anasema album iko muzima, haina kasoro! Asante sana Mama, sasa tunapokea simu ya..."

"Musikate," ikasema ile sauti nyuma yake, na kiti kikasikika kikianguka. "Tafazali, musimukate. Musikate."