Sentensi ya Kwanza ya Dhahabu

Dhahabu aliipenda ile tableti ya kujifunzia kusoma kwa sababu haikujua kucheka. Alipokuwa darasa la nne alisimamishwa asome, akababaika, wenzake wakaangua kicheko mpaka mwalimu naye akacheka. Tangu hapo ulimi wake ukawa mzito mbele za watu, na muhula uliofuata hakurudi shule. Sasa alikuwa mke wa mtu, na mchana, kazi za nyumbani zikipungua, alikwenda darasa la kina mama katika ukumbi wa kanisa huko Kisauni. Ukiweka waya masikioni ukasoma vibaya, mashine ilikwambia taratibu, "Jaribu tena," na siri ikabaki yenu wawili.

Mama mkwe wake, Mama Chengo, alikuwa darasa hilohilo. Yeye alikaa mbele, Dhahabu nyuma karibu na dirisha.

Wiki hiyo Dhahabu alikwama. Ukurasa ulikuwa na picha ya mtu juu ya mti, na chini yake sentensi moja: Kadenge anakwea mnazi. Herufi zote alizijua. Lakini Kadenge ni jina la baba yake Chengo, mumewe. Mzee anayesukuma mkokoteni sokoni Kongowea, na ambaye tangu aolewe hajawahi kumwita ila Baba. Kwao mke hamtaji mkwewe kwa jina. Hata jirani akiwa na jina hilo, humtafutia jingine.

"Baba anakwea mnazi," alinong'ona.

"Jaribu tena," ikasema mashine.

"Mzee anakwea mnazi."

"Jaribu tena."

Mashine haikuchoka, na Dhahabu hakulitaja. Kumweleza mwalimu aliona haya, maana ukieleza huna budi kugusia jina lenyewe, na mama mkwe masikio yake yalikuwa makali.

Alhamisi Mwalimu Caroline, mama mpole aliyetoka bara, alikuja na tableti yake inayoonyesha kila mtu alipofika.

"Dhahabu."

"Abee, mwalimu."

"Wiki nzima hujavuka ukurasa mmoja. Wenzako wanaingia kitabu cha pili. Nafikiri kesho urudi kwa wale wanaoanza a, e, i, o, u."

Dorothy, muuza mahamri asiyeweza kunyamaza, akageuka. "Mwache, mwalimu. Huyo jina ni Dhahabu, lakini kung'aa bado."

Wengine wakacheka. Dhahabu akatazama mlango. Alijijua: akirudishwa nyuma leo, kesho atasema ana nguo za kufua, keshokutwa anaumwa kichwa, na shule itakuwa imemshinda mara ya pili. Akainuka, lakini badala ya kushika njia ya mlangoni akaenda hadi mezani kwa mwalimu.

"Mwalimu, kusoma najua," alisema polepole. "Hilo neno la mwanzo ndilo siwezi."

"Huwezi kulisoma?"

"Nalisoma. Siwezi kulitamka. Ni jina la mkwe wangu."

Mwalimu Caroline alimtazama, akaitazama tableti, kisha akaiweka chini. Alichukua chaki akaandika ubaoni: Munga anakwea mnazi.

"Haya, nisomee hapa."

Darasa zima lilikuwa likimtazama. Dhahabu aliishika leso yake kwa mikono miwili. "Munga anakwea mnazi," akasoma.

Mwalimu akaandika nyingine, ndefu zaidi: Wanawake wa Kisauni wananunua vitunguu sokoni. Kwenye vitunguu Dhahabu alijikwaa, akarudi mwenyewe mwanzo wa neno, akalimaliza. Hakuna aliyemwambia jaribu tena. Hakuna aliyecheka.

Kule mbele Mama Chengo akakohoa. "Mwalimu, samahani. Na mimi nisome huyohuyo Munga."

"Kwani na wewe ni jina hilo lililokukwamisha, mama? Mimi nilidhani ni macho."

"Macho yangu mazima. Huyo aliyepandishwa mnazini ni mume wangu. Mimi namwita Baba Chengo, sijui kumwita vingine. Jana nilijifungia na hiyo tableti chooni nijaribu peke yangu. Ulimi ukagoma."

Hapo ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mama Chengo mwenyewe alicheka hadi akajifuta machozi, na Dhahabu akajikuta anacheka nao, kifua chepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Nilinyamaza nisionekane mjinga mbele ya mkaza mwanangu," Mama Chengo akamalizia. "Kumbe naye ananificha mimi."

"Mimi ndiye niliyekosa," alisema mwalimu. "Hii mashine inanisaidia, nyinyi ni wengi. Lakini niliiuliza yenyewe nikaacha kuwauliza nyinyi." Akagusa tableti yake mara mbili tatu. "Nimewavusha wote wawili. Fungueni kitabu cha pili."

Dorothy alijisogeza kwenye benchi kumpisha Dhahabu. "Kaa hapa, dada. Ulimi wangu usiujali, hata nyumbani wameuzoea."

Dhahabu akakaa, nyuma tu ya mama mkwe. Ukurasa mpya ulipofunguka, waya za masikioni aliziacha mezani. Akaanza kusoma kwa sauti yake ndogo, iliyosikika.

"Polepole, mwanangu," alisema Mama Chengo bila kugeuka, kidole kikiwa chini ya mstari. "Nakufuata."