Pampu Iliyomsalimia Leon

Mwezi wa kumi, ukungu wa ziwani ukishapanda, kituo cha mafuta cha supamaketi ya Hollenbeck huwa hakigusi ardhi. Unaona paa tu na taa zake nyeupe, vimeelea hewani, na chini yake magari yanaingia moja moja kama yanaogelea. Katikati kuna kibanda cha vioo cha Rhonda Pasternak. Anauza sigara, maji ya kuoshea vioo vya gari na kahawa mbaya sana, na hakuna anayekwenda pale kwa ajili ya hiyo kahawa. Tunakwenda kupiga soga. Nani kahama kwa nani, mtoto wa nani kanyoa nusu kichwa: mji wetu mzima umepita kwenye kile kidirisha.

Leon alikuwa mume wa Rhonda, fundi wa matairi, mtu wa kucheka mpaka mbwa wa jirani wanaitikia. Supamaketi ilipoanza mambo ya pointi, yaani unanunua nyama na mkate, unamtajia keshia namba yako ya simu, na pointi zikishalundikana unapunguziwa bei ya mafuta, Leon akatangaza mtaa mzima: "Tajeni namba yangu, jamani! Tukichanga pamoja zinajaa haraka." Tukaijua namba ya Leon kuliko namba za watoto wetu. Na kwa kuwa punguzo ni la kujaza mara moja tu, tulikuwa tunapanga magari mawili kwenye pampu moja, tako kwa tako. Wa kwanza akimaliza anampokeza mwenzake mpira wa pampu kabla haujarudishwa mahali pake. Ukipita pale Jumamosi utadhani magari yananong'onezana.

Leon alifariki mwaka juzi, theluji ikiwa ndiyo inayeyuka. Namba hatukuibadilisha. Ukiibonyeza pale kwenye pampu, kioo kidogo kinawaka: KARIBU TENA, LEON. Na maneno hayo hayo yanatokea kwenye kioo cha Rhonda ndani ya kibanda, kutwa nzima.

"Ananitembelea," aliniambia siku moja huku anapangusa kaunta, wala hakuwa analia. "Nyumbani hakuna kinachomtaja tena. Hata barua za matangazo zimeacha kuja kwa jina lake."

Basi Jumatatu moja naingia, namkuta kashika kile kitambaa na hakipangusi kitu.

"Curtis kanambia makao makuu wanataka kufunga hapa," akasema. Curtis ndiye meneja wa supamaketi. "Eti pampu haziingizi kitu. Wataamua mwisho wa mwezi. Kazi nitapata nyingine, hata kule ndani kwenye mikate. Lakini shoga yangu, wakizizima hizi, nani atamwambia Leon karibu?"

Aliyejibu ni Dwight Oyler, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyekuwa nyuma yangu na donati mdomoni.

"Petroli haiingizi kitu? Wee, acha masihara! Hawa wanajenga makasri kwa petroli. Kinachotakiwa ni sisi tununue. Tujaze mafuta mpaka makao makuu waombe poo!"

Na kweli tulijaza. Wiki ile naikumbuka kama kitu nilichokiota nina homa. Ukungu haukuondoka hata adhuhuri, na ndani yake vikaja vyombo ambavyo sijawahi kuviona vimepanga foleni: mashine za kukatia nyasi, mashine za kusukuma theluji, mashua juu ya matela, trekta la maboga lenye maboga yake. Watu walibeba madumu kama wanakwenda kisimani. Wote walibonyeza namba moja. KARIBU TENA, LEON. KARIBU TENA, LEON. Rhonda alikaa mle ndani uso ukiwa mwekundu kwa mwanga wa kile kioo, anatabasamu kama bibi harusi. Tulirudi nyumbani tunanuka petroli, pesa zote zimeishia kwenye matangi, tukala mabaki ya kwenye friza.

Ijumaa Curtis akatoka supamaketi mbio, tai begani, koti hana.

"Nani kawatuma?" akapiga kelele. "Niambieni, adui yangu gani kawatuma?"

"Tunakuokoa, Curtis," Dwight akamjibu akiwa juu ya mashua yake. "Nyamaza ushukuru."

"Kuniokoa! Mzee wangu, kila galoni mnayojaza kwa pointi za Leon, hasara yake naimeza mimi!"

"Kwani petroli hamfaidiki nayo?" nikauliza.

"Vijisenti, mama. Na benki inavimega kwa makato ya kadi kabla havijanifikia. Petroli tunaiweka pale nje ili nyie muingie ndani! Faida yangu ni kuku wa kuoka, ni soseji, ni keki za siku ya kuzaliwa. Na wiki hii nendeni mkaone. Milango inajifungua yenyewe, unaingia ukungu peke yake."

Mpira ulikuwa unadondosha tone moja moja. Ndipo Rhonda akatoka kwenye kibanda.

"Kwa hiyo anayenifungia kibanda ni mume wangu."

"Sijasema hivyo, mama Pasternak."

"Umesema." Kisha akaangua kicheko, kile kile cha Leon, sijui alikificha wapi muda wote ule. "Mtu yuko kaburini, bado anagawa vya bure!"

Akaisogelea pampu ya Dwight. Akabonyeza namba polepole. KARIBU TENA, LEON. UNATAKA PUNGUZO? Akabonyeza HAPANA.

Sote tulikisogelea kile kioo. Jina halikuondoka. Mafuta yalishuka kwa bei kamili, na jina likakaa pale pale mpaka tangi likajaa.

"Lipa, Dwight," Rhonda akasema. "Halafu uingie ndani ununue kuku."

"Bei kamili? Mimi?"

"Leon anakuona."

Jioni ile supamaketi ilijaa harufu ya petroli na watu wenye kuku kwapani. Mwisho wa mwezi Curtis alikuja kidirishani, akanywa kahawa yote bila kukunja uso, akasema makao makuu wamekiacha kituo mpaka kiangazi, halafu wataangalia. Hakuahidi zaidi.

Siku hizi namba ya Leon tunaitaja kwa keshia kama kawaida, na kwenye pampu tunabonyeza hapana. Dwight hubonyeza huku ananung'unika. Pointi zinalundikana, hazina wa kuzila, mwezi ukiisha zinafutika. Asubuhi inayofuata, ukungu ukiwa bado umelala barabarani, gari la kwanza linaingia, na Leon anaanza tena na sifuri, kama mtu aliyeamka sasa hivi.