Hotspoti ya Mama Mkwe

Usaili wa Gozbert ulikuwa uanze saa nne asubuhi, na mtandao wa kuufanyia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni ya mama mkwe wake. Mengine yote yalianzia hapo.

Alikuwa amefika Muleba jana yake kurekebisha paa la jiko la Ma Ephrasia, akijua usaili ni wiki ijayo. Saa tatu na nusu mke wake, Joanitha, akapiga simu ya mama yake kutoka nyumbani kwao Kashai: usaili umesogezwa, ni leo, tena kwa kompyuta. Kompyuta mpakato Gozbert alikuwa nayo. Laini yake, inayotamba kwao Bukoba mjini, kwenye bonde lile haikushika hata kidogo. Ya mama mkwe ilishika vizuri, tena ilikuwa na bando la wiki nzima.

"Mama, washa hotspoti kama nilivyokufundisha," Joanitha alisema. "Kompyuta ya Gozbert itavuta intaneti kutoka kwenye simu yako. Ila usiende mbali naye. Hatua kumi, zikizidi inakatika."

"Hatua kumi na mkwe!" Ma Ephrasia aliguna.

Alilelewa katika nyumba ambayo mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawakai benchi moja, na wakikutana njiani mmoja anaingia migombani kupisha. Katika miaka sita ya ndoa ile, yeye na Gozbert walikuwa wamesalimiana kwa mbali tu. Mengine yote yalipitia kwa Joanitha.

Angeweza kuiacha simu mezani akaenda zake. Alikataa katakata, eti Immakulata wa kwaya atapiga wakati wowote. Uongo mtupu! Immakulata alikuwa kisiwani Bumbire kwenye msiba tangu Jumanne.

Ukweli ni kwamba wiki iliyopita alimsikia Joanitha akiongea na mtu, akataja usaili na Mtwara kwa pumzi moja. Mtwara, ambako nchi inaishia! Mjukuu wake Annastella, anayeletwa kila Jumamosi na kumwachia makombo kitandani, angekuwa anaonekana Krismasi kwa Krismasi, kama nauli ikipatikana. Na wa kumpeleka huko ni huyu aliyeketi barazani, juu kavaa koti la marehemu baba mkwe, chini kaptula ya kupandia paa. Ma Ephrasia aliumia, na alipoumia ndipo utundu ulipomjia.

Usaili ulianza. Aliketi jikoni nyuma ya ukuta, mpole kabisa, akamwacha mkwe ajitambulishe na kuchangamka. Kisha akachukua kisu, akaenda kukata ndizi.

Hatua ya kumi na mbili akasikia, "Haloo? Haloo? Mnanisikia?"

Aliuma upindo wa kanga asicheke. Punde Gozbert akatokea na kompyuta mikononi, akiunyatia mtandao katikati ya migomba. Ma Ephrasia akajitenga haraka. Nani angemlaumu? Mkwe anakuja, mama mkwe anapisha. Heshima ni heshima. Gozbert akasogea tena, kichwa ameinamisha asimtazame usoni. Yeye naye akapisha tena, mpaka nyuma ya mibuni.

"Bwana Gozbert," sauti ya mama mmoja ilitoka kwenye kompyuta, "mbona ukuta wako unatembea?"

"Ni migomba, madamu. Upepo."

Upepo wenyewe haukuwepo. Ma Ephrasia alicheka hadi machozi, akaanza kuvuka mpaka wa shamba kuingia kwa jirani yake Lwakatare, mkwe ajuane na Mtwara yake huko.

"Swali la mwisho," ile sauti ilisema. "Kampuni yako imekupandisha cheo na kukuhamishia Mtwara. Sisi kazi yetu ni ya kawaida, kupima ubora wa kahawa hapo hapo Muleba. Kwa nini uje kwetu?"

"Kwa sababu sitaki kwenda Mtwara," Gozbert alijibu. "Mama mkwe wangu anaishi peke yake. Mke wangu amelia wiki nzima akifikiria..."

Mtandao ukakatika. Mguu wa Ma Ephrasia ulikuwa umekwishakanyaga kwa Lwakatare.

 Mungu wangu, nimefanya nini? Aligeuka mbio, kisu mkononi, kanga inamdondoka. Gozbert alipomwona anamjia akafanya kama alivyofundishwa na wazazi wake: akaanza kurudi kinyumenyume migombani kumpisha, yeye na kompyuta yake.

"Simama wewe!"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia ana kwa ana lisilo salamu. Gozbert aliganda. Ma Ephrasia akaja mpaka begani pake, akaushika mkono wa koti asije akakimbia. Kwenye kioo wasaili watatu wakarudi.

"Tulikupoteza," yule mama alisema. "Ulikuwa unaeleza kuhusu mama mkwe. Na huyo hapo pembeni ni nani?"

Gozbert aliinamisha kichwa kwa aibu. 

"Ni mimi huyo mama mkwe," Ma Ephrasia alisema, akiinamia kompyuta kana kwamba wao ndio wagumu wa kusikia. "Mtandao niliukata mimi, na si mara moja. Nilidhani mnampeleka Mtwara. Kijana hana kosa. Waitu, tafadhali, muulizeni tena, safari hii sitoki hapa."

Wale watatu walitazamana, mmoja akafunika mdomo. Kisha yule mama akauliza upya, neno kwa neno.

"Mke wangu amelia wiki nzima," Gozbert alianza, macho chini. Akautazama mkono ulioshika koti. "Na mimi pia sitaki kumwacha mama huyu."

Ma Ephrasia hakuuachia mkono wa koti.