Dakika Arobaini za Alexander

Alexander, aliyekuja kumposa binti wa kaka yangu, alikuwa na ugonjwa mmoja: kila akifungua mdomo, anataja ndege. "Shangazi Dorotea, Bukoba na Mwanza ni dakika arobaini tu. Hata chai haipoi." Ungedhani uwanja kaujenga yeye na marubani wanakula kwake.

Siku ya kuleta mahari aliahidi kufika kwa kaka yangu Luhaga, hapa Nyakato, Mwanza, saa nne asubuhi, yeye na wajomba zake. Saa nne ikapita. Akapiga simu: ukungu umefunga uwanja wa Bukoba. Saa sita, wanapanda sasa hivi. Saa saba, bado wanapanda. Wali ukakauka, wazee wakasinzia vitini. Nikamwambia kaka kwamba kwa dakika arobaini za Alexander, mtu angelima shamba Misungwi na kulipalilia.

Aliyewahi alikuwa mama yake. Wilhelmina, mjane mwembamba, alifika alfajiri na meli ya usiku, amekumbatia kikapu cha senene. Tulipomuuliza mbona hakungoja wenzake, alisema, "Mwanangu aliniambia ndege imejaa, nibaki nyumbani. Sasa nitabakije, naye anaoa?" Hakuwa na kinyongo chochote. Precious, binti yetu, alimpashia maji ya kuoga, kisha wakakaa jikoni wakimenya ndizi na kucheka.

Saa tisa ndipo waheshimiwa wakaingia, miwani ya jua usoni, tiketi zikichungulia kwenye mifuko ya mashati. Zilichungulizwa makusudi. Mjomba mtu hata radhi hakuomba. Debe tupu haliachi kuvuma.

"Kwa gari tungekuwa bado njiani!" alisema. "Tena ndege yenyewe nusu haina watu. Tumejinyoosha kama tuko sebuleni."

Kaka Luhaga akauliza kwa upole, "Na mama mzazi yuko wapi?"

"Mama anaumwa miguu, baba," Alexander akajibu bila hata kumeza mate. "Safari ingemshinda."

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jikoni, na kati ya jikoni na sebule kuna pazia tu. Nilimwona Wilhelmina akiacha kumenya. Aliinamisha kichwa, akaificha miguu yake yenye nyufa chini ya kigoda. Nimewahi kuwadharau watu wengi, sikatai, lakini yule kijana nilitamani kumtemea mate. Precious naye alikuwa amesikia yote. Alinawa mikono taratibu, akajifuta kwa khanga.

Kwetu mahari haipokelewi mpaka binti aulizwe kama anawafahamu wageni. Akikubali, tunapokea. Akikataa, wanabeba vyao na kwenda. Kaka aliponiita nimlete, Precious hakutoka peke yake. Alitoka amemshika Wilhelmina mkono, akamketisha kwenye kiti kando ya baba yake.

Alexander alivua miwani. "Mama," alisema, "umefikaje hapa?"

Wilhelmina alitazama sakafu.

"Precious," kaka akauliza, "unawafahamu wageni hawa?"

Akawatazama mmoja mmoja, bila haraka, akamalizia kwa Alexander. Kisha akapiga magoti mbele ya Wilhelmina.

"Namfahamu mama huyu," alisema. "Hao wengine, baba, siwajui."