Seneti ya Nyuma ya Tangi

Mwaro wa Matsangoni alijiunga na chuo kikuu pale Kilifi akiwa na sanduku la bati, godoro, na azma ya kutogusa sigara. Muhula mzima alikula peke yake. Hata paka wa bwaloni walimpita wakaenda meza ya pili.

Ndipo mwalimu wake, Daktari Idah, akampa kazi ya utafiti: vishawishi vya uvutaji sigara miongoni mwa wanafunzi. Mwaro akabeba hojaji mpaka nyuma ya tangi la maji, kwenye benchi ambalo chuo kizima kililiita Seneti. Wajumbe walikuwa watatu, Kiprop, Lynn na Jimmy, na moshi wao ulipaa kwa taadhima.

"Mtafiti wa sigara, na huvuti?" Kiprop akashangaa. "Wewe ni kinyozi mwenye kipara. Keti, bwana."

"Jimmy, sogea huko, mgeni akae," Lynn akaamuru.

Tangu afike, hakuna aliyewahi kumwambia Mwaro aketi. Akaketi. Akapokea sigara, akavuta, akakohoa kama siku ile alipoonja ugoro wa nyanyake, hawe Kahonzi, akapiga chafya hadi adhuhuri. Hawe alimcheka. Seneti nayo ilicheka, ila ikampigia makofi. Kufikia Ijumaa alikuwa na mahali pake kwenye benchi, jina la Profesa, na majani ya mwarobaini mfukoni, ya kutafuna kabla ya kwenda nyumbani, hawe asije akanusa.

Jumamosi akazisoma hojaji zao. Hazikuwa na majina, lakini miandiko aliijua. Nani alikushawishi kuanza? Kiprop aliandika: Lynn. Lynn: Jimmy. Jimmy: Kiprop. Je, unafurahia kuvuta? Hapana. Hapana. Jimmy akaongeza, na kupigia mstari: Hata siku moja. Kwa nini basi huachi? Hapo wote watatu kana kwamba walinakiliana: Wenzangu wanaipenda mno, nitabaki peke yangu.

Mwaro akaruka kutoka kitandani. Sentensi moja tu ingewakomboa! Akatoka mbio, karatasi mkononi, kama tarishi wa serikali. Njiani akapita bwaloni, akaiona meza yake ya zamani. Akapunguza mwendo. Wakiacha kuvuta, nani atakuja tena nyuma ya tangi?

"Profesa! Kiti chako hiki," Jimmy akaita. "Haya, utafiti unasemaje juu yetu?"

Lynn alimtazama kama mwanafunzi anayesubiri kengele ya kutoka.

Mwaro akazikunja hojaji, mara mbili, mara nne.

"Unasema mnaipenda kupita kiasi," akajibu. "Nyote."

Kiprop akamtazama Lynn, Lynn akamtazama Jimmy, Jimmy akamtazama Kiprop, kila mmoja kwa heshima iliyochanganyika na huzuni. Kisha Jimmy akashusha pumzi, akapitisha kiberiti.

Mwaro akawasha. Ilikuwa chungu kuliko ya jana. Akajisogeza katikati, kati ya Lynn na Kiprop, pale benchi lilipokuwa na joto.