Maksai wa Kidato cha Tatu

Mwalimu wa kilimo aliitwa Protini. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana hakuwa na somo lisiloishia kwenye protini. Hata ukimuuliza mvua itanyesha lini, angezunguka weee mpaka afike huko huko. Siku alipowaletea kidato cha tatu ndama dume aliyekwisha kuhasiwa, mwekundu, mwenye baka jeupe kifuani, aliwapanga mstari nje ya banda na kuwapa onyo. Ni marufuku kumpa jina. Huyu si rafiki wala si mtoto wa mtu, huyu ni mradi. Watamlisha, watampima uzito, watajifunza, na mwisho wa mwaka watampeleka machinjioni wakaone nyama inavyopatikana.

"Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Wameelewana wapi! Wiki haikuisha, ndama ana jina, na jina lenyewe ni Mradi. Mradi amekula? Mradi anaharisha. Mradi kamkanyaga kiranja. Protini alifoka mpaka sauti ikamkauka, kisha siku moja akasikika mwenyewe bandani akisema, "Mradi, hebu sogea huko," na kesi ikaishia hapo.

Sasa, katika darasa hilo alikuwamo msichana waliyemwita Twiga, kwa sababu ya shingo na miguu. Huyu hakuwa na habari na ng'ombe hata chembe. Baba yake fundi bomba, mama yake fundi cherehani, na mnyama pekee aliyekanyaga nyumbani kwao alikuwa paka wa jirani, aliyekuja kudowea. Kilimo alikichukua kwa kuwa darasa la biashara lilikuwa limejaa. Lakini alikuwa mtu wa kuwahi shule, na mtu wa kuwahi shule hakosi kutumiwa. "Twiga, nishikie zamu yangu leo tu." Leo tu ya huyu, leo tu ya yule, mwishowe wenzake walisahau kabisa kwamba kulikuwa na zamu.

Kila asubuhi alichanganya pumba na mashudu kwenye ndoo, akamwaga maji kiasi, akakoroga kwa mkono. Halafu akaingia bandani akisema lile neno lake moja, "Kula, baba, kula," kama mama yake alivyokuwa akimbembeleza mdogo wake wa mwisho. Mradi alikula huku akimtazama. Alipomaliza alimfuata Twiga nyuma nyuma hadi mlangoni, pua imegusa mgongo wa sare, na sare ikarudi nyumbani na doa la udenda. Mama alilalamika kuhusu sabuni. Twiga alisema atafua mwenyewe, na kweli alifua.

Ndama akakua, akawa maksai wa kujaza macho. Siku moja darasani Protini akauliza kwa nini nyama nyingine huwa nyeusi, ngumu, yenye kunata, tena inaharibika upesi. Darasa kimya. Kiranja, ambaye hakupenda kimya, akasema labda ng'ombe alikuwa mzee. Protini akamwambia akae chini. Ndipo Twiga akasimama akaeleza kwamba mnyama akitishwa kabla ya kuchinjwa, akipigwa fimbo au kuburutwa, anaimaliza sukari iliyo kwenye misuli, na nyama yake haiwi nyama tena ya kumpa mgeni. Mnyama anatakiwa kwenda ametulia, akiongozwa na mtu anayemjua na kumwamini.

"Safi kabisa!" Protini alipiga meza. "Mpigieni makofi."

Wakampigia. Masikini, alikaa chini anatabasamu, hajui kwamba amejitia kitanzi mwenyewe.

Mwisho wa mwaka ukafika. Protini aliposema anahitaji mtu wa kumwongoza Mradi kwenda machinjioni, hakumtaja yeyote. Hakukuwa na haja. Vichwa vyote viligeuka upande mmoja.

"Mimi siwezi," Twiga alisema.

"Hulazimishwi," Protini akajibu, na kwa mara ya kwanza alisahau protini. "Atapatikana mwingine."

Mwingine alikuwa kiranja. Huyo alikuwa anajiamini kupita kiasi. Siku ya kujaribu uwanjani alimfunga Mradi kamba, akatema mate kwenye viganja, akavuta. Mradi alitazama ile kamba, akamtazama kiranja, kisha akakita miguu chini kama aliyejengwa pale. Kiranja akavuta hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Wawili wakaenda kumsaidia. Mmoja akaokota fimbo na kumchapa matakoni, na Mradi akaruka, akatoa macho meupe, akawazungusha uwanjani kama vitambaa kwenye kamba ya kuanikia. Darasa lilicheka mpaka machozi. Twiga hakucheka. Aliona ubavu wa maksai ukitetemeka, akaona na ile fimbo, na akajua siku yenyewe itakuwa hivyo hivyo, ila fimbo zitakuwa nyingi zaidi.

Jioni alimkuta mama kwenye cherehani akipinda suruali ya mtu. Akamweleza yote. Mama hakusimamisha mguu.

"Kama huwezi, mwanangu, kataa. Hakuna atakayekukata kichwa."

"Nikikataa, watampiga."

"Watampiga."

"Na nikienda, ataniamini mpaka mwisho. Si ndiyo ubaya wenyewe?"

Mama akasimamisha cherehani. Alikata uzi kwa meno, akaikunja ile suruali vizuri. "Ubaya upo pande zote mbili, sitakudanganya. Wewe chagua ule utakaoubeba wewe, au ule utakaobebwa na yeye."

Twiga alikwenda kufua sare.

Machinjioni palikuwa na sakafu ya saruji yenye mteremko, mfereji katikati, bomba la maji lisilofungwa vizuri, na ndoano zimepangwa juu ya reli. Kwa mbele kulikuwa na kizimba cha vyuma, chembamba, cha kutosha ng'ombe mmoja. Mchinjaji, mtu mnene mwenye buti nyeupe za mpira, aliwaonyesha wanafunzi chombo cha kuzimisha mnyama. Kinawekwa kwenye paji la uso, akasema, na mnyama anapoteza fahamu papo hapo. Kisu kinapofika, yeye hayupo tena.

"Sharti kichwa kitulie tu. Akikizungusha, nakosea, na hapo inakuwa mateso."

Mradi alikuwa amekuja njia nzima bila kuvutwa, pua kwenye mgongo wa Twiga. Mlangoni alinusa damu ya jana akasita. Twiga hakumvuta. Aliingia yeye kwanza, na Mradi akaingia nyuma yake. Kama walivyopanga, walipofika ndani ya kizimba Twiga akapita kwenye upenyo wa pembeni, mlango wa kizimba ukafungwa, na kazi yake ikawa imekwisha.

Mradi akageuza kichwa kushoto. Akageuza kulia. Akatoa mlio mmoja mrefu ambao hawakuwahi kuusikia bandani.

Mchinjaji alishusha chombo. "Anatafuta mtu huyu."

Twiga alikuwa tayari anazunguka. Alichukua ile ndoo ya pumba aliyokuja nayo, akaenda kusimama mbele ya kizimba, uso kwa uso, mahali ambapo Mradi hangeweza kutazama kitu kingine.

"Binti, utaona kila kitu ukikaa hapo," mchinjaji akasema.

"Najua."

Aliinua ndoo. "Kula, baba," akasema, kwa sauti ile ile ya kila asubuhi. "Kula." Mradi akanyoosha shingo, akaingiza ulimi kwenye pumba, macho yametulia usoni pa Twiga. Masikio yalilegea. Twiga akamtabasamia. Mchinjaji akasogeza mkono.

Kulisikika mlio mkavu, na Mradi akaanguka mzima mzima. Pumba zilikuwa bado mdomoni.

Nyuma huko kilio kikalipuka. Kiranja alilia hadi kamasi. Wasichana wawili walitoka nje wameshikana. Twiga alibaki palepale na ndoo yake, macho makavu, wakati mnyama anafungwa mnyororo mguuni, anavutwa juu, kisu kinapita na damu inashuka mferejini. Mwanafunzi mmoja akanong'ona kwa sauti ya kutosha wote kusikia, "Huyu ana moyo wa jiwe. Miezi yote ile, hata chozi!"

Protini naye alisikia. Akamsogelea Twiga, akakohoa. "Umefanya kazi nzuri sana. Hukutetereka. Kazi hii inataka watu kama wewe."

Twiga alikuwa anamwangalia mchinjaji.

"Ameshakufa?"

"Ameshakufa, binti."

"Kabisa? Haoni?"

Mchinjaji alimtazama kidogo. Kisha akainama, akagusa jicho la Mradi kwa ncha ya kidole, taratibu. Jicho halikupepesa.

"Haoni."

Ndipo Twiga akaweka ndoo chini, akakaa na sare yake safi kwenye saruji iliyolowa, akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakiruka, mpaka mchinjaji akafunga lile bomba. Protini alichuchumaa kando yake.

"Kumbe ulikuwa unajizuia tu," akasema.

"Alikuwa ananiangalia, mwalimu," Twiga akasema. "Ningelia, angejua."