Kiazi cha Mwenyewe

...na tazama anavyomenya, kama mtu anayemkuna paka mgongo, maganda mazito namna hiyo, nusu ya chakula inakwenda kwa kuku, lakini nani amwambie, ukimwambia mkaza mwana neno moja Kibugu nzima itasikia kwamba mama mkwe ana mdomo, basi amenye, amenye mpaka kesho, Karwirwa aliwaza, akavuta sufuria ya maji karibu na goti lake, akachukua kiazi kikuu kingine kutoka guniani, kizito kama mtoto mchanga, udongo umekauka kwenye mikunjo yake, viazi alivyoleta Gachoki asubuhi hii begani, "Vya shambani kwangu, Mama, mwaka huu vimekubali sana, wageni wasinywe chai mikono mitupu," mwana mwema Gachoki, mwanawe wa pili, kila mtu husema hivyo, na wageni ndio hao upande wa pili wa ukuta wa mbao, wanakohoa, wanacheka, halafu wanakumbuka wamekuja kufanya nini na wanajirudi, mzee Mbae wa kanisani na wenzake wawili, na Gachoki katikati yao kwenye kiti cha kaka yake Kithaka, alisikia kile kiti kikilia alipokikalia, kiti kilichonyamaza tangu mwaka jana... "Sisi hatumharakishi," hiyo ilikuwa sauti ya Mbae, "lakini bila neno la mama mzazi siwezi kutangaza ibada kesho," hawamharakishi, wamefika kabla umande haujakauka na hawamharakishi, wanataka tu aingie pale na sinia aseme mbele yao, kwa kinywa kilekile kilichompa mtoto jina, kwamba Kithaka amekufa, basi, neno moja, kisha watapiga kengele, watazika shina la mgomba badala ya mwili, pamoja na koti lake la kazini, watakula, na Jumatatu hakuna askari wala mwandishi wa gazeti atakayeuliza tena afisa wa ardhi alikwenda wapi, kwa maana mama yake mwenyewe amemzika, mnataka nini tena.

"Mama, chumvi nitie sasa?" Tabby aliuliza. "Tia unavyojua," Karwirwa akajibu, akageuza uso.

Amekufa, hajafa, wanajua nini hawa, kila mtu ana Kithaka wake, polisi walikuwa na Kithaka wa mtoni, gari la ofisi limeegeshwa kando ya daraja la Thiba, mlango wazi, viatu vimepangwa vizuri, kwa hiyo alijitupa, andika, funga, Kithaka yule ambaye utotoni alivuka kijito akishikilia mkia wa ng'ombe na macho ameyafumba, ambaye hata akiwa mtu mzima mvua ikinyesha alisimama chini ya paa akiiangalia kama mbwa asiyemwamini, mtu wa namna hiyo akitaka kufa atachagua maji?, na redio nayo ilikuwa na Kithaka wake, ni wakubwa wa mashamba ya Gachoka, nyanda zile kavu ambako kila kipande kina hati mbili na wenyewe watatu, alikataa kutia mhuri wakamchukua, inawezekana, hii ndiyo iliyomnyima usingizi zaidi, lakini redio haikutaja jina la mtu hata mmoja, ilizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia ikaenda kwenye mpira, na wazee wa kule walikuwa na kiapo chao, aliugusa mpaka uliochinjiwa mbuzi, ardhi imemmeza, ardhi!, ardhi humeza mvua, haimezi mtu mzima... na yule jirani mwongo aliyeapa kwa Biblia kwamba amemwona mjini Maua, sokoni, amefuga ndevu, anafunga miraa, yale majani ya kutafuna mtu akeshe, ana mke mwingine, naye Karwirwa akaenda Maua na picha kifuani, akazunguka mpaka miguu ikavimba, mpaka mfanyabiashara mmoja, Abdishakur, akamtolea kiti na maji ya kunywa, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko polisi walivyoitazama, akasema, "Mama, wallahi hayupo, hapa kwetu hakipotei kitu isipokuwa usingizi," na Karwirwa akacheka, palepale barabarani, kicheko cha kwanza tangu mwanawe apotee, kisha akaona haya akaomba maji mengine ili apate pa kuficha uso.

Na yeye mwenyewe alikuwa na Kithaka wake, hakumwambia mtu, alimlea kifuani kama kaa la moto, Kithaka aliyeuzwa na mkewe, ndiyo, huyuhuyu anayemkuna paka, kwao si Gachoka?, kaka zake hawakuwa kwenye kesi ile ya mashamba?, nani mwingine angejua siku hiyo mume atapita njia gani na saa ngapi, na tangu hapo hajalia, hajatoa hata chozi la kitunguu, anakwenda kwaya, anasuka nywele, na kila Jumamosi anafua mashati ya mtu asiyekuwepo na kuyaanika uani mpaka wanaopita barabarani wanayahesabu, maonyesho, maonyesho matupu, mwenye uchungu hafui mashati, mwenye uchungu huyanusa akalala nayo, hivyo ndivyo alivyofanya yeye mzee wake alipokufa... "Yule bibi yake bado mdogo," Gachoki alikuwa anasema kule sebuleni, kwa sauti ya upole, sauti ya dalali anayemwonyesha mtu kiwanja, "hata yeye anahitaji apumzike, tusimfunge kwa mtu ambaye harudi," harudi, na Mbae akaitikia mm, mm, na Karwirwa akamtazama Tabby aone kama amesikia, uso ule haukusema kitu, kisu kikaendelea kukuna, alimchukia mpaka vidole vikamkaza, akakizamisha kisu chake katika kiazi kana kwamba ndicho kilichokosa.

Zambarau. Kiazi ndani kilikuwa cha zambarau, rangi ya tunda lililoiva likapasuka, na maji yake yakamtia madoa kwenye kucha, naye akafikiri kwanza kwamba amejikata, kisha akafikiri macho yake yamezeeka, akakata tena, zambarau, lakini Kibugu viazi ni vyeupe, vyote, cha mume wake kilikuwa cheupe, cha jirani cheupe, hiki ni cha kwao Nkubu, alikileta mwenyewe kwenye kikapu walipomzika baba yake, kichwa kimoja tu cha mbegu, akampa Kithaka alipotoka jandoni, kwa maana kiazi kikuu ni mmea wa mwanamume, mwanamume hukipandishia mti wake na mti huo una jina lake, na Gachoki alipewa cheupe cha baba akanuna wiki nzima, mti mmoja tu katika ukoo huu ulibeba cha zambarau, mkungugu ule kando ya zizi la Kithaka, "Vya shambani kwangu, Mama, vimekubali sana"...

"Mama Kawira," alisema, na Tabby akainua macho haraka, kwa maana jikoni humu hakuwa ameitwa kwa jina la mtoto wake tangu mwaka jana, "hiki kiazi ulimpa Gachoki wewe?" Tabby akakitazama, akakaribisha uso, akakigusa kwa ncha ya kidole. "Nimpe? Nitampaje mtu kiazi cha mwenyewe, na mwenyewe hajarudi?" alisema, bila kujivuna, kama mtu aliyeulizwa kama mchana kuna jua. "Halafu kile cha Baba Kawira si kililiwa, Mama. Wiki ile polisi walikuwa mtoni. Nilikuta shimo. Gachoki akaniambia ni nungunungu." "Nungunungu." "Ndiyo. Akaliziba yeye mwenyewe. Hata nikamshukuru."

Nungunungu, Karwirwa aliwaza, na mikono yake iliendelea kumenya kwa sababu mikono haina akili, nungunungu hula chakula palepale, huacha makombo na miiba, habebi kichwa cha mbegu akaenda kukipanda kwake, nungunungu gani huyo anayejua kupanda, na hiki kimekunywa masika na kimekunywa vuli, unene huu si wa msimu mmoja, kwa hiyo kilitiwa ardhini mvua ya kwanza ilipoanza kunukia, wiki ileile, sisi tuko mtoni tunaita, na nani aliita zaidi kuliko Gachoki, aliita jina la ndugu yake mpaka sauti ikakauka, watu wakamshika mikono wakamwambia pole, jikaze, na jioni akarudi huku akachukua jembe... lakini labda ni ulafi tu, alijiambia, ni mwanangu, nimemnyonyesha, mlafi si muuaji, sikuzote alikitamani, ni mtoto aliyenyimwa, akashikilia hilo neno, labda, kama Kithaka alivyoshikilia mkia wa ng'ombe, mpaka akamwona mume wake, mzee wake, amesimama kando ya zizi miaka ile, amemshika Gachoki mdogo sikio kwa sababu amemkuta anakwarua udongo chini ya mti wa kaka yake, akamwuliza swali moja, polepole, mbele ya wote, "Unamzika ndugu yako akiwa hai?", kwa maana mti wa mtu aliye hai haukwaruzwi, ni mpaka afe, azikwe, ndipo anayemfuata hukichimbua na kupeleka kichwa chake nyumbani kwake ili chakula cha ndugu kisikatike, Gachoki alilijua hilo kwa sikio lililovimba, na mlafi anayetarajia mwenye mali atatokea langoni kesho jioni hachimbi, mlafi hungoja, anachimba yule tu anayejua langoni hatokei mtu, alijua, sote tukiita yeye alijua, iwe alimpeleka au alimwona akipelekwa au alimwambia mtu njia na saa, mashamba ya Gachoka nani aliyekuwa akiwatembeza wanunuzi, si yeye, si yeye anayeuza kila jiwe la kule... na huyu msichana akimeza kimya kimya na kufua mashati kila Jumamosi, kumbe hakuwa anaonyesha watu, alikuwa anayaweka tayari, mwanangu akirudi akute shati safi, na mimi nimemlisha sumu ya macho mwaka mzima.

"Mama Gachoki!" Mbae aliita, siku hizi wanamwita hivyo, Mama Gachoki, kana kwamba tumbo lile halikuwahi kumzaa mwingine kabla yake, "tunakungoja, mama, njoo utupe neno!" na ilimjia, bila kelele, kwamba lile neno walilolitaka sasa analo, asubuhi alikuwa hana, sasa analo lote, Kithaka amekufa, na ndiyo sababu hawezi kulitoa, maana akilitoa leo kwenye sinia la chai atakuwa amemsaidia mmoja kumfukia mwingine, na hakuna atakayeuliza tena. Akakata kichwa cha kiazi, kipande kile chenye macho ya kuchipua, akakitia katika kiganja cha Tabby na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe vyenye madoa. "Kifunge kwenye leso. Kiazi cha mwenyewe. Asikione mtu." Tabby alimtazama, akatazama mbao za ukuta, akatazama kiganja chake, na Karwirwa akauona uso ule ambao haujawahi kusema kitu ukianza kuhesabu, mvua, shimo, jembe, pole pole, kama mtoto anayehesabu kwa vidole, hadi akafika.

Mlango ulifunguka nusu, na Gachoki akaingiza kichwa, kichwa kile chenye meno mazuri ya baba yake. "Mama, wazee wana njaa huko." "Bado," alisema Karwirwa. "Bado nini sasa, viazi au neno?" na sebuleni wakacheka, hata Mbae, naye Gachoki akacheka nao, akingoja. "Vyote," alisema, akachukua kiazi kingine guniani, akaanza kukimenya kwa ganda jembamba, jembamba sana, asipoteze kitu.